Barua ya wazi kwa mnaoshika mafungu ya utafiti wa afya: watoto waliopandikizwa figo nao watafutiwe dozi yao

Kwa:
Waziri wa Afya,
Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH),
Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR),
Wabunge wa mikoa ya Mtwara na Lindi.

YAH: OMBI LA FUNGU LA SERIKALI KWA AJILI YA MAJARIBIO YA DAWA KWA WATOTO WALIOPANDIKIZWA FIGO

Waheshimiwa,

Salaam kutoka Newala. Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Hapo nimeanza kiofisi kama tulivyofundishwa shule, ila huko chini nitaandika ninavyoongea, manake barua ya kiofisi kabisa yenye mhuri wa serikali ya mtaa na nakala zake tulishaiandika sisi wazazi, tukaipeleka kwenye ofisi moja, tukapiga simu tukaambiwa imepokelewa, tukapiga tena tukaambiwa iko mezani kwa mkubwa, alafu mkubwa akahamishwa na aliyekuja badala yake anasema hana habari nayo. Ndo maana leo naiweka hadharani kila mtu asome.

Mimi ni mkulima wa korosho, nina na kaduka ka steshenari hapa mjini. Binti yangu alipandikizwa figo hapa hapa nchini na aliyemtolea ni mama yake. Nashukuru kwanza, nisije nikaonekana mtu wa kulalamika tu. Kabla ya Muhimbili kupandikiza figo kwa mara ya kwanza 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma kufuata 2018, ilikuwa ni India, na kama huna hela ya India unajua mwenyewe. Waliompasua mwanangu walifanya kazi yao na walituhudumia kwa upole, sina neno nao. Shida yangu inaanzia siku tuliyoruhusiwa kurudi nyumbani na mfuko wa dawa.

Kwa wasiojua, mwili hauachi kuikataa figo ya mtu mwingine hata iwe ya mama mzazi, kwa hiyo dawa za kuuzuia ni za kila siku, asubuhi na jioni, maisha yote. Kubwa kati ya hizo inaitwa takrolimasi. Ikipungua kwenye damu mwili unaishambulia figo, ikizidi dawa yenyewe inaiumiza figo ile ile tuliyoihangaikia, mtoto anatetemeka mikono, na magonjwa mengine yanamvamia kirahisi. Nafasi iliyopo kati ya kupungua na kuzidi ni ndogo mno, na ndani ya nafasi hiyo ndo anaishi mwanangu.

Sasa njooni jikoni kwangu saa kumi na mbili asubuhi muone. Dawa inakuja kwenye vidonge vya unga vya nusu miligramu na vya miligramu moja, dozi aliyoandikiwa mtoto inaangukia katikati, kwa hiyo mama yake anavaa glavu, anafungua kidonge kimoja, unga anauvuruga kwenye maji, anavuta kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, nusu anampa, nusu anamwaga. Tatizo unga ule hauyeyuki vizuri kwenye maji, unazama, ukivuta haraka unapata maji matupu, ukichelewa unapata dawa yote iliyolala chini. Tunatikisa, tunavuta, tunaomba Mungu. Marekani tangu 2018 wameruhusu takrolimasi ya chembechembe kwa watoto, vipakiti vya hadi miligramu 0.2, unachanganya na maji kidogo mtoto anakunywa basi. Huku kwetu sijaiona duka lolote.

Swali la barua hii ni moja, waheshimiwa. Serikali imelipia upasuaji, imesomesha mabingwa, imenunua mashine. Je, nani amelipwa kutafuta dozi sahihi ya mtoto wa Kitanzania baada ya upasuaji?

Naeleza hoja zetu.

1. Dozi ni ya kukadiria.

Mtoto sio mtu mzima mdogo. Mwili wake unaitafuna takrolimasi haraka kuliko wa mtu mzima, kwa hiyo kwa kila kilo ya uzito wake anahitaji dawa nyingi zaidi. Hilo linajulikana. Juu ya hilo kuna jeni, yaani chembe ya urithi, inaitwa CYP3A5, kazi yake ni kuvunjavunja dawa hii, na Waafrika walio wengi jeni hiyo kwao inafanya kazi wakati Wazungu walio wengi kwao imelala. Mwongozo wa kimataifa wa 2015 unasema mwenye jeni inayofanya kazi aanze na dozi mara moja na nusu hadi mara mbili ya ile ya kawaida. Mimi nimeyajua haya kwa kusoma kwenye simu usiku, alafu nikamuuliza daktari wetu, kijana mmoja muungwana sana, akanijibu wazi kwamba wanaanza na dozi ya kwenye vitabu, wanapima damu, wanapandisha, wanapima tena, mpaka wafike. Hayo mapanda shuka ndo wiki za hatari zenyewe, manake mwanzoni ndo mwili una hasira zaidi na figo ngeni. Kipimo cha jeni kingetuonyesha pa kuanzia. Je, kinafaa kwa watoto wetu, kinapunguza figo kukataliwa, gharama yake inalipa? Hayo yanajibiwa kwa majaribio yenye utaratibu tu.

2. Vitabu vyao havina malaria.

Hii ndo inayoninyima usingizi. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha Mtwara asilimia 20 ya watoto chini ya miaka mitano walikutwa na vimelea vya malaria, tukiwa nyuma ya Tabora peke yake. Sasa mtoto anayekunywa dawa za kushusha kinga akiugua malaria anapewa mseto, na mseto nao unavunjwavunjwa na ini kupitia njia zile zile inazopita takrolimasi. Zikikutana inakuwaje? Dozi ipunguzwe, iongezwe, iachwe? Akipata kifua kikuu ndo balaa kabisa, rifampisini, dawa ya kifua kikuu, inajulikana kuishusha takrolimasi vibaya sana. Majaribio ya Boston au London hayawezi kutujibia hili la malaria kwa sababu watoto wao hawaumwi malaria, na wala siwalaumu, wao wametafuta majibu ya watoto wao. Na bado sijagusa kichocho huku pwani, wala miti shamba ambayo bibi zetu wanawapa wajukuu kwa nia njema kabisa.

3. Kudumaa.

Ulaya walifanya jaribio linaitwa TWIST, watoto 196, matokeo yakatoka 2010, wakaonyesha kwamba mtoto akiachishwa mapema prednisoloni, dawa ya steroidi ambayo nayo inashusha kinga, huku takrolimasi na mwenzake maikofenoleti zikiendelea, wale wadogo ambao hawajabalehe wanarefuka vizuri zaidi. Mwanangu bado anaimeza na mdogo wake amempita urefu. Inawezekana kwake kuiacha ingekuwa hatari, sibishi, daktari ndiye anayejua. Ila daktari naye anahitaji ushahidi wa watoto wanaofanana na wake.

4. Kipimo kiko mbali na mtoto.

Damu ya kupima takrolimasi inatolewa asubuhi kabla ya kunywa dawa, yaani masaa kumi na mawili baada ya dozi ya jana jioni. Kwa hiyo mtoto wa Newala analala Dar, gesti au kwa ndugu, anaamka na kwenda maabara hajanywa dawa, na akichelewa foleni kipimo kinaharibika maana yake. Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilipokata barabara pale Somanga, kusini nzima ilifungwa, magari yamejipanga, watu wanalala barabarani, sisi tuko kwenye basi na kopo la dawa linaloelekea kuisha. Tulivuka salama. Ila jaribio lolote la dawa litakaloishia Dar na Dodoma litawaacha nje watoto wa Mtwara na Lindi, alafu baadaye tutaambiwa matokeo ni ya watoto wa Tanzania.

5. Rekodi.

Tuliuliza kama kuna rejesta ya watoto wote waliopandikizwa, nani yuko kwenye dozi gani, figo ya nani imekufa na kwa nini. Hakuna aliyetuonyesha. Bila rejesta hata hilo jaribio mtalianzia wapi?

Sasa kabla hamjanijibu, naomba niwatangulie maana majibu mengine tulishapewa mdomoni.

Mtasema watoto hawa ni wachache, malaria inaua wengi zaidi. Kweli ni wachache, ila uchache huo huo ndo sababu hela itoke serikalini. Hataza ya takrolimasi Marekani, yaani haki ya kampuni moja kuitengeneza peke yake, iliisha 2008, sasa inatengenezwa na viwanda vingi kwa bei ya ushindani, kampuni gani itatoa mabilioni kutafuta dozi ya watoto wachache wa Afrika wakati haina cha kurudisha? Soko haliwezi kulifanya hili. Hata Marekani kwenye makampuni yote yale, serikali ndo inatia mkono, taasisi yao ya serikali ya utafiti wa mzio na magonjwa ya kuambukiza, NIAID, imelipia mtandao mzima wa majaribio ya upandikizaji kwa watoto, na jaribio moja la watoto 211 waliopandikizwa moyo lililipiwa na Wizara ya Ulinzi, yaani jeshi! Tena uchache una dawa yake, unaungana na Kenya na Uganda mkafanya jaribio moja, au mnatumia muundo ambao kila mtoto analinganishwa na nafsi yake, kipindi hiki kwa dozi ya kawaida, kipindi kile kwa dozi iliyorekebishwa. Watafiti wetu wanaijua miundo hii kuliko mimi mkulima.

Mtasema kuwajaribia watoto dawa ni hatari na wananchi watakuja juu, hasa kusini ambako maneno yanasambaa haraka. Wananchi wakielezwa wanaelewa. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kuanzia 2009 kwa watoto 15,460 wa nchi saba, wakiwemo wa Bagamoyo na Korogwe, na wazazi walikubali wenyewe kwa saini au kidole gumba. Ile mseto ya watoto ya kuyeyusha kwenye maji, tamu, ambayo kila mama huku anaijua, ilipita kwenye jaribio la watoto 899 wa nchi tano za Afrika na Tanzania ilikuwemo, matokeo 2008. Kabla ya hapo mama alikuwa anasaga kidonge kwa kijiko kama mke wangu anavyohangaika leo na takrolimasi. NIMR wana kamati ya maadili, TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wanatoa vibali vya majaribio, utaratibu upo. Na kiukweli mwanangu tayari yuko kwenye jaribio, jaribio la mtoto mmoja lisilo na kamati, lisilo na bima wala anayeandika matokeo.

Mtasema tusubiri wafadhili. Wafadhili wana magonjwa yao wanayoyachagua, na mwaka 2025 tumeona sote Marekani ilivyofunga bomba la misaada na miradi mingapi ya afya ikabaki hewani. Figo za watoto hazijawahi kuwa kwenye orodha ya mfadhili mkubwa niliyemsikia.

Mtasema Afrika bado hatujafika huko. Johannesburg 2017 madaktari walichukua kipande cha ini la mama mwenye virusi vya UKIMWI wakampandikiza mtoto wake ambaye hakuwa na virusi, jambo jipya kabisa, wakamfuatilia mtoto kwa karibu na wakaandika walichokiona dunia nzima ikasoma. Afrika hii hii.

Na mtasema hela hakuna. Mwaka 2006 kule Khartoum nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kila moja itenge asilimia 1 ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti, na sisi bado hatujafika. Nimesikia pia mnawapa tuzo ya fedha wanasayansi wanaochapisha kwenye majarida makubwa, jambo jema, ila hiyo ni hela ya aliyekwisha kuvuna, wa kulima mnampa nini? Halafu jaribio tunaloliomba halitaki dawa mpya wala jengo. Linataka vipimo vya damu, nauli za wazazi, nesi wa kufuatilia, mtu wa takwimu, bima ya washiriki, na subira ya miaka kadhaa.

Naomba niwakumbushe kitu kilichopo hapa hapa kwetu. Pale Naliendele, nje kidogo ya Mtwara mjini, serikali ina kituo cha utafiti wa kilimo na korosho ndo kazi yake kubwa. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, ulipoipiga mikorosho ya wazee wetu, watafiti wa Naliendele walijaribu salfa shambani, mwaka hadi mwaka, wakatoka na kipimo, robo kilo kwa mkorosho mkubwa kila raundi, raundi ngapi, uanze maua yanapochomoza, upulize alfajiri kukiwa na umande na upepo umetulia. Wakatoa na mbegu zinazozaa mapema. Hawakuchukua kipimo cha Brazil au cha India wakatuambia kadirieni wenyewe. Ndo maana leo mkulima wa Tandahimba anajua dozi ya mkorosho wake kwa uhakika, dozi iliyojaribiwa kwenye udongo huu na hali ya hewa hii. Mimi ninayo mikorosho hiyo na ninaye mtoto huyo, na ninaijua dozi ya mkorosho kuliko ya mtoto. Nyie wabunge wetu mnaosimama bungeni kwa ajili ya salfa kila msimu, na tunawashukuru, simameni na kwa hili.

Tunachoomba ni hiki.

Kwanza, mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia, MTUSATE, ulio chini ya COSTECH utenge fungu lenye jina lake kwa majaribio ya dawa kwa watoto waliopandikizwa viungo, fungu la miaka isiyopungua mitano kwa sababu figo haifuatiliwi kwa mwaka mmoja wa fedha. Utangazwe wito wa maandiko ya miradi ya utafiti, vyuo na hospitali washindane, anayeshinda ajulikane na kiasi alichopewa kijulikane.

Jaribio la kwanza liwe la dozi ya takrolimasi kwa kufuata jeni, likiwa na kipengele cha malaria. Hilo la prednisoloni lifuate kama wataalamu wataona inafaa, mimi siwapangii kazi.

Rejesta ya taifa ianze mara moja, hiyo haihitaji hata jaribio, inahitaji kompyuta na mtu mwaminifu.

Kipimo cha takrolimasi kiwekwe kusini, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini ipo pale Mtwara na ni ya kisasa, na kama mashine itachelewa basi uwekwe utaratibu wa kuchukua damu huku na kuisafirisha. Mshiriki yeyote wa jaribio arudishiwe nauli na malazi, yeye na mzazi wake. Msimwambie mtu wa Liwale kwamba jaribio ni bure wakati nauli imewala mbuzi wake wawili.

TMDA na bohari ya dawa waangalie namna ya kuingiza ile takrolimasi ya chembechembe, hata kwa kibali maalum, wakati tunasubiri hayo mengine. Hili ningeliweka la kwanza kama ningekuwa naandika kwa hasira.

Na wazazi wawemo kwenye kamati, angalau wawili, mmoja atoke nje ya Dar. Sio wa kupigwa picha, wa kusoma fomu ya ridhaa kabla haijachapwa na kusema hapa hatujaelewa, hapa mama wa kijijini ataogopa.

Tunaomba jibu la maandishi kabla bunge la bajeti halijaanza mwezi Aprili, kwa sababu likishapita mtatuambia tusubiri mwaka mwingine wa fedha. Jibu likiwa ni hapana pia tuandikieni, pamoja na sababu, tutalisoma na kulibandika hadharani kama tulivyobandika hii.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mzazi, Newala, Mtwara
kwa niaba ya wazazi wenzangu wa Mtwara na Lindi tuliokubaliana kuandika

Nakala: Kamati ya Bunge inayoshughulikia masuala ya afya, ofisi iliyopokea barua yetu ya kwanza, kama itapatikana.